Siku ya Katiba mtaani kwenu: vile mnaweza kuiadhimisha 27 Agosti na mkatoka na barua mkononi

Nimeulizwa vile mtaa unaweza kuiadhimisha Siku ya Katiba yetu ya Kenya na watu kama wanne mwezi huu, mmoja ni mwalimu wa chekechea, mwengine kijana wa bodaboda ambaye stejini kwao wamemwachia yeye apange Siku ya Katiba ya mtaa, kwa hivo nimeona bora niandike mara moja kila mtu asome. Ntaeleza vile sisi tunafanya huku kwetu Pwani manake tumeshafanya miaka kadhaa na tulianza kwa kukosea, wewe chukua kinachokufaa.

Mwanzo tulikuwa tunafanya kama kila mtu. Tunakodi turubai na viti, tunaalika mgeni wa heshima, watoto wanaimba, hotuba, soda, picha, watu wanaenda zao. Sasa kuna mwaka tulimaliza jioni nikabaki naokota chupa na mama mmoja mzee jirani yetu, na ng'ambo ya barabara pale ndo iko zahanati yetu na ile wodi ya kujifungulia iliyokwama kwenye lenta, nondo zimechomoza juu zimeshika kutu, ndani mibarika imeota mpaka inatokea dirishani, mbuzi wanaingia kivulini. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo Katiba mliyokuwa mkiisifu hapa tangu asubuhi, yasemaje kuhusu ile?" Nlikosa jibu. Nlijua kuna kifungu cha afya lakini namba sikuijua, wala sikujua nani wa kuulizwa wala anaulizwaje. Usiku ule sikulala vizuri.

Tangu hapo tukajiwekea sharti moja: Siku ya Katiba haimalizwi bila barua moja ya swali moja, imeandikwa, imesainiwa, na anajulikana nani anaipeleka na lini. Hiyo barua ndo sherehe yenyewe. Wimbo, chakula, watoto, vyote tunavyo bado, lakini vinaizunguka barua.

Tarehe na saa

27 Agosti 2010 ndo siku Rais Mwai Kibaki alitia saini Katiba hii pale Uhuru Park, Nairobi. Wiki tatu nyuma, 4 Agosti, tulipiga kura ya maoni, kijani ni ndiyo na nyekundu ni la, na kama thuluthi mbili ya waliopiga wakasema ndiyo. Usiichanganye na sikukuu za taifa, Kifungu cha 9 kinataja tatu tu, Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Mwaka 2025 Katiba ilipotimiza miaka 15 Rais alitangaza 27 Agosti iwe ikiadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Katiba lakini ni siku ya kazi kama kawaida, kwa hivo ukipanga asubuhi utapata wazee na watoto peke yao, na wale unaowataka zaidi, wamama wa sokoni na vijana wa boda na mafundi, wako kazini. Sisi tunaanza saa kumi alasiri baada ya swala, jua limepoa, na kama haiwezekani tunasogeza Jumamosi iliyo karibu.

Na kuna jambo kuhusu hii tarehe ambalo watu wengi hawalijui na mimi naliona ni zito. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kila kaunti iwe imewasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na ukishawasilishwa uwekwe wazi kwa wananchi ndani ya siku 7. Huo ni mpango wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai ya mwaka unaofuata. Yaani wakati nyinyi mnasherehekea Katiba, kule ofisini wanamalizia karatasi ya kusema barabara gani itachongwa na zahanati gani itapigwa paa mwaka kesho. Watu wetu huamka mwezi wa sita wakisikia bajeti inasomwa kwenye redio, na mwezi wa sita mambo yameshaiva zamani. Kwa hivo hii siku imekaa pahali pazuri sana kwenye kalenda, tuitumie.

Kitabu chenyewe

Iko Katiba ya Kiswahili, tena ni bure, ingia kwenye tovuti ya Kenya Law udaunilodi PDF mara moja halafu uirushe kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wiki mbili kabla. Ina sura 18, vifungu 264 na majedwali 6 nyuma, na tafadhali msijaribu kuisoma yote siku moja, mtachoka kwenye sura ya pili na watu hawatarudi mwakani. Chagueni vifungu vitatu au vinne. Hivo vichache mvipige fotokopi kwa herufi kubwa, kubwa kabisa, kwa sababu wazee wengi hawatasema kwamba hawaoni maandishi, watashika tu karatasi watikise kichwa na wewe utadhani mko pamoja. Mwaka wa kwanza tulifanya herufi ndogo ili karatasi zipungue gharama, na ule mwaka hakuna mzee hata mmoja aliyeuliza swali.

Vifungu viwili sisi havibadiliki kila mwaka, cha 1 na cha 3. Cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, na wale walioko Bungeni, serikalini na mahakamani wamekabidhiwa tu. Cha 3 ni kifupi, unaweza kukisoma kwa pumzi moja, kinasema kila mtu ana wajibu wa kuiheshimu, kuitekeleza na kuilinda hii Katiba. Kila mtu, yaani Rais, mkulima wa mnazi, muuza viazi, wewe. Watu hushangaa hapo, manake wamezoea kusikia Katiba kama orodha ya haki, wakisikia kuna wajibu na umeandikwa mapema vile, kabla ya hizo haki zote, wanakaa vizuri.

Vile viwili vilivyobaki vichaguliwe na shida iliyoko kwenu. Kama ni maji, afya, chakula au makao, ni cha 43. Kama ni takataka na maji machafu, ni cha 42, na msome pamoja na cha 69 ambacho kinasema hata wewe mwananchi una jukumu la kushirikiana kulinda mazingira. Kama vijana wenu wanashikwa shikwa, cha 49.

Kusoma

Hapa ndo nataka ukae nami kidogo kwa sababu hapa ndo siku inaharibika au inapona. Msiweke wakili au mwalimu mbele asomee watu kama darasa. Tandikeni mikeka, kaeni duara, na anayesoma asiwe yule aliyesoma sana. Sisi kwetu anaanza yule mama mzee aliyeniuliza lile swali. Miwani yake mkono mmoja umevunjika amefunga kwa uzi mweusi, anaushika kwa kidole akisoma, na anasoma polepole sana, neno kwa neno, na wallahi kuna utulivu unaingia pale ambao mgeni wa heshima yeyote hawezi kuuleta. Akimaliza, anayemfuata kwenye duara anasema kwa maneno yake mwenyewe amesikia nini, na kama Kiswahili kinamkwaza aseme Kigiriama, Kidigo, Kipokomo, kokote, mwengine atafasiri. Halafu mnauliza swali moja tu: hii mumeiona wapi hapa mtaani, ama mumeikosa wapi?

Tulipofika kipande cha pili cha Kifungu cha 43, kile kinachosema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, kijana mmoja wa boda alinyanyuka akasema alishawahi kumbeba mtu aliyegongwa mpaka hospitali fulani, sitaitaja, wakaambiwa pesa ya kuanzia kwanza, na yeye alikaa nje ameshika shati yenye damu akipigia watu simu wachange. Alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kwamba lile alilotendewa limekatazwa kwenye Katiba. Hakulia lakini sauti ilikatika. Siku hiyo hatukuharakisha kwenda kifungu kingine. Nakuambia hivi ili ujue, mtu akianza kusimulia mwache amalize, hata kama ratiba yenu inapita.

Cha 49 vijana wetu wanakijua kwa kichwa sasa: ukishikwa uambiwe haraka na kwa lugha unayoielewa umeshikiwa nini, una haki ya kunyamaza, una haki ya kuongea na wakili, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, ama kama muda huo unaishia wakati korti imefungwa basi siku ya korti inayofuata. Waandike kwenye karatasi ndogo waweke kwenye kava la simu.

Kama kuna wazee waliokuwa watu wazima miaka ya tisini, wapeni dakika zao. Kwetu kuna mzee anaeleza vile kabla ya Desemba 1991 Kifungu 2A cha Katiba ya zamani kiliruhusu chama kimoja tu, na vile mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pale Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai kudai watoto wao waachiliwe, wakapigwa na hawakuondoa dai lao. Anaeleza pia ndizi na chungwa, zile alama za ndiyo na la kwenye kura ya maoni ya Novemba 2005 ambapo rasimu ya Katiba mpya ilikataliwa, halafu moto wa 2007 na 2008, zile fujo za baada ya uchaguzi. Vijana wetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Wakishasikia hayo huwa tunasimama kimya dakika moja pia kwa wale waliouawa kwenye maandamano ya Juni 2024, manake wale vijana walifanya kitu hiki hiki tunachofanya, walisoma mswada wa fedha, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili mama zao waelewe, na wakatoka barabarani wakitumia Kifungu cha 37, kile cha haki ya kuandamana kwa amani. Wengine hawakurudi nyumbani.

Nani anaulizwa

Kabla ya kuandika barua fungueni Jedwali la Nne, liko kule nyuma ya Katiba, linagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Usiruke hapa. Nusu ya malalamiko ya mitaa yetu yanapotea kwa sababu yanapelekwa kwa mtu asiyehusika, mtu anamfokea mwakilishi wadi kuhusu madawati ya shule ya msingi, na shule ya msingi si ya kaunti, halafu anamngoja mbunge aje kuhusu zahanati, na zahanati ni ya kaunti.

Kwa ufupi, kaunti ni zahanati na vituo vya afya na hospitali za kaunti, ambulensi, chekechea na vyuo vya ufundi vya kijijini, barabara za kaunti, masoko, maji na usafi, takataka, leseni za pombe, kilimo cha huko mashinani. Serikali ya kitaifa ni polisi, shule za msingi na sekondari na vyuo vikuu, hospitali za rufaa za kitaifa, barabara kuu, vitambulisho na pasipoti. Mwakilishi wadi kazi yake ni kutunga sheria za kaunti na kuichunga serikali ya kaunti, hajengi barabara yeye mwenyewe ingawa wakati wa kampeni husema hivo. Watu wakilielewa hili jedwali, kelele zinapungua na maswali yanakuwa makali zaidi.

Barua

Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ndo inaeleza vile unaomba. Unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Kupeleka ombi hakulipiwi, unachoweza kulipishwa ni gharama ya kutoa nakala. Huhitaji kueleza unataka hizo karatasi za nini, na ukiulizwa sababu yako, sababu yoyote haiwezi kukupunguzia haki. Mtu asiyejua kuandika au mwenye ulemavu anaweza kwenda kusema kwa mdomo na afisa anatakiwa amwandikie.

Iandike mmoja kwa jina lake na kitambulisho chake, kwa sababu haki hii ni ya raia, halafu wengine wasaini chini kama mashahidi wanaounga mkono. Ya kwetu ilikuwa hivi, unaweza kuinakili ubadilishe:

Kwa Afisa wa Habari, Serikali ya Kaunti ya ………
Tarehe ………
KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA KUPATA HABARI YA 2016
Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa kijiji cha ……… wadi ya ……… Naomba nakala za karatasi zifuatazo kuhusu ujenzi wa wodi ya kujifungulia katika zahanati ya ………: mkataba wa ujenzi pamoja na orodha ya kazi na bei zake, malipo yote aliyolipwa mkandarasi mpaka leo na tarehe za malipo hayo, na ripoti ya mwisho ya aliyekagua kazi. Niko tayari kulipia fotokopi. Naomba nijibiwe kwa simu au anwani iliyo hapa chini.
Jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini.

Ni hiyo tu. Usiweke matusi, usiweke siasa, usimtaje muuguzi wa zahanati, yule dada anafanya kazi peke yake mpaka usiku na hakuwa na mkono kwenye ule ujenzi. Na usiulize "kwa nini wodi haijaisha", manake swali la kwa nini linajibiwa kwa maneno, utaletewa ukurasa wa maelezo matamu yasiyo na kitu. Omba karatasi. Mkataba uko ama hauko, malipo yameandikwa ama hayajaandikwa.

Swali liwe moja, lile mtakalolipigia kura. Mwaka wa pili tulijaa hamu tukaandika barua ya mambo saba, barabara, maji, basari, taa za sokoni, na hatukupata jibu la lolote, kila ofisi ilisema jambo kubwa hapo ni la ofisi nyengine. Mtu aliye na shida yake akiona haikuingia mwaka huu atanung'unika, na ana haki, mwambieni ukweli kwamba itapigiwa kura mwakani, na muandike kwenye daftari mbele yake aone.

Kuipeleka

Piga fotokopi, nakala mbili, moja ibaki kwao, nyengine igongwe muhuri na tarehe urudi nayo. Bila muhuri hujapeleka kitu. Na msende kumi, nendeni wawili, mmoja mzee mmoja kijana. Sisi alikwenda yule mama na mimi. Karani wa mapokezi alikuwa kijana mdogo, akamwamkia vizuri, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba, halafu akasoma barua akaanza kuhangaika, akasema afisa hayupo, tuiache tu hapo mezani. Mama akavuta kiti akakaa. Akamwambia, "Mwanangu, wewe sikuulizi habari za wodi, hiyo itakuletea kesi bure. Wewe nigongee muhuri kuwa nimefika." Kijana akatazama huku na huku, akafungua droo, akagonga. Ile sauti ya muhuri kwenye meza nimeikumbuka mpaka leo.

Wakikataa kabisa kugonga, andika hapo hapo kwenye nakala yako tarehe, saa na ofisi uliyofika, mwenzako asaini kama shahidi, halafu itume tena kwa barua pepe ya ofisi na rejista ya posta, risiti zote uweke kwenye faili. Nunueni faili la shilingi hamsini, liwe la mtaa, likae kwa mtu asiyehama hama.

Siku 21

Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Kama ni habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wanaweza kuongeza siku 14 mara moja kama kazi ni kubwa, lakini wakuambie. Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba wamekukatalia, na hapo una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman. Peleka nakala yenye muhuri na maelezo mafupi.

Barua yetu ya kwanza siku 21 zilipita hakuna hata simu. Wengi wetu hapo moyo ulivunjika, na naelewa, mtu ameacha kibarua siku nzima akachangia nauli halafu kimya. Lakini tulikuwa tumeandika tarehe ya 21 kwa chaki kwenye ukuta wa duka la mtaa tangu siku ya kwanza, kila anayekuja kununua sukari anaiona, kwa hivo haikusahaulika. Tukapeleka malalamiko. Ilichukua muda, na siku moja tukaitwa tukachukue kurasa sita. Kwenye zile kurasa iliandikwa kazi imelipwa mpaka paa. Paa. Na sisi tunatazama nondo zimeota kutu. Tulizisoma zile kurasa kwenye mikeka ile ile, mara mbili, hakuna aliyepiga kelele.

Ukishapata karatasi zina kazi tatu. Ya kwanza ni kuzipeleka kwenye vikao vya maoni ya bajeti, Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushirikishaji wa umma kwenye pesa za serikali, na cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na liwashirikishe wananchi. Makadirio ya kaunti huwasilishwa bungeni kufikia 30 Aprili, kwa hivo kuanzia Februari mpaka Mei masikio yawe wazi, matangazo hubandikwa kwa chifu na kwenye gazeti na mara nyingi yanakuja kwa ghafla. Ukipata dakika mbili za kuongea usihutubie, inua karatasi taja ukurasa. Ya pili ni ombi rasmi kwa bunge la kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu, kama vile Kifungu cha 119 kinavyokuruhusu kupeleka ombi Bunge la kitaifa. Ya tatu ni kuzilinganisha na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo kila mwaka hutakiwa kutoka ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Desemba, na humo mara nyingi utakuta orodha ya miradi iliyokwama.

Korti pia ipo. Kifungu cha 22 na cha 258 vinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kuilinda Katiba, na kufungua kesi ya haki zako chini ya cha 22 hakutakiwi kulipiwa ada. Mpango wa BBI (Building Bridges Initiative) wa kubadilisha Katiba ulikwama hivo hivo, kwa raia waliopeleka kesi, Mahakama Kuu Mei 2021 mpaka Mahakama ya Juu ikamaliza Machi 2022. Ila kwa mtaa mimi naanza na barua, korti ni safari ndefu.

Upande wetu

Hii sehemu watu hawapendi lakini lazima isemwe siku hiyo hiyo. Huwezi kuidai kaunti usafi na wewe usiku unamwaga taka mtaroni, cha 69 kinakuhusu. Huwezi kudai viongozi waadilifu wa Sura ya Sita na mwezi wa kampeni unapanga laini ya mia mbili za mwanasiasa, na kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Sisi tunaweka meza kando na rafiki yetu mmoja mwenye subira, kazi yake ni kuuliza kila kijana aliyetimiza miaka 18 kama ana kitambulisho na kama amejiandikisha kupiga kura, na asiyekuwa nacho anaandikiwa kwenye daftari nani atamsindikiza na siku gani. Msiwaambie tu waende. Uchaguzi mkuu ujao unaangukia 10 Agosti 2027, Jumanne ya pili ya Agosti kama Katiba inavyosema, na foleni za siku za mwisho mnazijua.

Gharama na mambo madogo

Mahamri na mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, kila nyumba inaleta kitu. Pesa ya mwanasiasa hatuchukui hata ya viti. Mwakilishi wadi akija anakaribishwa kwa heshima zote, anakaa mkekani kama wengine, anaongea mwisho baada ya kusikiliza, na anapewa nakala ya barua. Watoto wape Wimbo wa Taifa, beti zote tatu kwa Kiswahili zimechapwa kwenye Jedwali la Pili, na huku Pwani waambieni kwamba sauti yake ilitoka kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, uone vile watakavyouimba. Mkikutana uani kwa mtu hamna shida, lakini mkitaka uwanja wa wazi au kutembea barabarani mpelekeeni polisi notisi, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya 14 kabla, na hiyo ni notisi, si kuomba ruhusa.

Wodi yetu imepigwa mabati. Mibarika ilikatwa, plasta imeingia, na bomba la maji limefika mpaka ukutani likaishia hapo, limezibwa kwa kitambaa na kufungwa waya, maji hayajawahi kupita. Kwa hivo barua ya mwaka huu ni ya hilo bomba: mkataba wa maji, malipo, na ripoti ya mkaguzi. Faili liko kwa mama. Amebadilisha miwani, na ameshaniambia mwaka huu herufi ziwe kubwa zaidi ya zile za mwaka jana.